Mashine Ikinyamaza

Leo tuzungumze juu ya lugha ambazo mashine za viwandani hutumia kusemezana. Najua kuna aliyekwisha kunyoosha mkono abadilishe stesheni. Anivumilie kidogo, maana naanzia kwenye robine.

Mwaka 2015 jarida la tiba liitwalo PLoS Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Uvira. Aurélie Jeandron wa chuo cha London kinachoshughulikia usafi na magonjwa ya nchi za joto, pamoja na wenzake, wakiwemo ndugu zetu wa hapa, walichukua kumbukumbu za aina mbili wakazilinganisha siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014: maji yaliyotoka kiwandani, na wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu. Walichokuta ni hiki. Siku moja ambayo robine hazikutoa kitu ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 kwa wastani, ukilinganisha na siku ambayo kiwanda kilifanya kazi vizuri. Na katika wagonjwa wote waliopokelewa, karibu robo, yaani asilimia 23, walihesabiwa kuwa wametokana na upungufu wa maji ya robine.

Mama anayeshuka ziwani na bidoni la njano hakuhitaji jarida limwambie hayo. Ila jarida lina faida yake: ukimwendea mfadhili ukiwa nalo mkononi, unapewa kiti.

Sasa kiwanda cha maji husimama kwa nini? Mvua ikipiga milimani, mto Mulongwe hushuka na tope. Dawa ya kusafishia maji huweza kuchelewa njiani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto wenyewe ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaua watu, na mitambo ya maji nayo haikusalimika. Lakini sababu ya kila siku, ile isiyongoja masika, ni kuranti. Pampu isiyo na kuranti ni chuma tu.

Na kuranti yetu asili yake ni Ruzizi. Maji ya Ziwa Kivu yakitoka Bukavu hupitia kwanza Ruzizi ya Kwanza, mtambo wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye uwezo usiofika megawati 30. Maji yale yale hushuka hadi Ruzizi ya Pili, mtambo wa SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ulioanza kazi mwaka 1989; huo una megawati karibu 44. Halafu mto unatokea Kamanyola, unatambaa uwandani, unaingia Tanganyika kati yetu na Bujumbura. Kati ya turbini za huko juu na robine ya kartie yako kuna swichi, transfoma, nyaya, pampu, vali na matangi, na kila kimoja kina habari ambayo mwenzake anaihitaji. Mto ukipungua, turbini ijue. Tangi likijaa, pampu ijue.

Njia ya zamani ya kupeleka habari hizo ni mtu. Mlinzi anapanda mteremkoni, anafunua mfuniko wa tangi, anachungulia, anampigia simu aliye kwenye pampu. Siikejeli njia hii. Mlinzi mwenye akili timamu anaweza kusema neno ambalo mashine nyingi za bei kubwa hushindwa kulisema: "Ndugu, sijaona vizuri, ngoja nirudi na tochi." Shikeni hilo, maana ndilo nililokuja nalo leo.

Lugha ya kwanza ya mashine haina hata maneno. Ni kuranti ndogo sana kwenye nyaya mbili. Tuseme tuna tangi lenye kina cha mita tano, na ndani yake kifaa cha kupima. Tangi likiwa tupu, kifaa hupitisha miliampea 4. Likijaa, 20. Likifika nusu, 12. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo. Lakini kwa nini waliobuni hawakuanza na sifuri? Tangi tupu lingesema sifuri, na kazi ingekuwa rahisi zaidi.

Sababu ni kwamba waya hukatika. Hapa kwetu hukatwa na mmomonyoko, hukatwa na panya, hukatwa na mtu aliyesikia bei ya shaba sokoni. Na waya uliokatika haupitishi chochote: upande wa pili unasoma sifuri. Kwa hiyo tangi tupu linasema nne, waya uliokatika unasema sifuri, na aliye kwenye pampu anatofautisha "maji hakuna" na "habari sina". Ukiyachanganya hayo mawili, utasukuma maji usiku kucha kuingia kwenye tangi ambalo tayari limejaa. Yatamwagika mteremkoni, na asubuhi wanaoishi chini yake watakuwa wanatafuta ukuta wao. Miliampea nne tu, lakini aliyeziweka pale alifikiri vizuri kuliko wahandisi wengi waliomfuata.

Basi mimi kila nikisikia habari ya lugha mpya ya mashine, swali langu la kwanza ni hilo: je, inajua kusema sijui?

Tuje kwenye lugha yenye maneno. Mwaka 1979 kampuni ya Marekani iitwayo Modicon, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kutengeneza otomati, zile kompyuta ndogo ngumu zinazoendesha viwanda, ilitoa utaratibu wa mawasiliano unaoitwa Modbus. Leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, bado ni mojawapo ya lugha zinazotumika zaidi duniani: kwenye pampu, jenereta, mita za umeme, hata vibadilishi vya umeme wa jua vinavyouzwa madukani. Imedumu kwa sababu ni rahisi na haina mwenyewe. Yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kulipa.

Wazee waliowahi kukaa karibu na foni, redio za mawasiliano za misheni na za mashirika, kabla ya simu za mkononi, watanielewa mara moja. Kituo kikuu kinaita posti kwa namba: namba moja, jibu. Namba moja anajibu. Wengine wote kimya, hata kama kwa namba saba nyumba inaungua, mpaka zamu yake ifike. Modbus ndivyo ilivyo. Mmoja anauliza, wengine hujibu wakiulizwa tu. Kwenye waya mmoja unaoweza kufika kama mita 1,200 wamefungwa kwa mstari, kila mmoja na namba yake, kuanzia 1 hadi 247.

Niwasomee swali lenyewe, mlisikie walau mara moja redioni: sifuri moja, sifuri tatu, sifuri sifuri, sifuri sifuri, sifuri sifuri, sifuri moja, nane nne, sifuri A. Basi, limekwisha. Baiti nane. Ya kwanza ni namba ya anayeitwa. Ya pili, ile tatu, ndiyo kazi yenyewe: nisomee. Nne zinazofuata zinasema anzia kwenye rejista ya mwanzo kabisa, unipe moja. Mbili za mwisho ni hesabu ya ukaguzi, ili kelele za njiani zisije zikageuza swali. Jibu linarudi fupi zaidi, na ndani yake namba. Tuseme 300.

Haya, 300 nini? Sentimita? Lita kwa dakika? Digrii za joto la mota? Modbus haisemi. Inabeba namba tupu, isiyozidi 65,535, bila jina na bila kipimo. Maana yake iko kwenye karatasi iitwayo ramani ya rejista, inayoandika kwamba rejista ya kwanza ni kina cha tangi kwa sentimita, ya pili ni presha, ya tatu ni saa ambazo pampu imefanya kazi. Na karatasi hiyo iko wapi? Mara nyingi mno iko ndani ya kompyuta ya mkandarasi. Na mkandarasi amerudi kwao.

Hadithi hiyo mnaijua bila mimi kutaja mradi. Mitambo inafika, kuna utepe, kuna mkasi, kuna hotuba. Skrini inang'aa. Miaka miwili baadaye kifaa kimoja kinakufa, anapatikana fundi hodari kabisa wa hapa mjini, anafungua kabati, anakuta kila kitu kinasema naye kwa namba ambazo hakuna aliyebaki anayejua maana yake. Programu iliyo ndani ya otomati ina neno la siri, na neno la siri limeondoka na aliyeliweka. Fundi anafanya ambalo mtu yeyote mwenye busara angefanya: anaiondoa otomati kwenye njia, anaunganisha pampu kwa swichi ya mkono, mlinzi anarudi kupanda mteremko. Watu watasema Waafrika hawawezi kutunza mitambo. Mimi nasema mitambo ile iliachwa bubu siku ile ile ya utepe.

Na Modbus ikikosa jibu? Hapo ndipo nina ugomvi nayo. Anayeuliza husubiri kidogo, hurudia, halafu hukata tamaa na kuendelea na namba inayofuata. Utaratibu wenyewe haukuamua skrini ya mwendeshaji ionyeshe nini wakati huo. Umemwachia aliyeandika programu. Mwandishi mvivu huacha namba ya mwisho ibaki pale pale. Skrini inasema mita tatu, kwa rangi nzuri ya kijani, na mita tatu hizo ni za jana mchana kabla ya radi kupiga kifaa. Hapo hata ule ujanja wa miliampea nne umepotezwa njiani.

Kuna lugha zilizofikiri zaidi. Mwaka 1993 huko Kanada ilitolewa nyingine, DNP3, kwa ajili ya mashirika ya umeme, na baadaye ikachukuliwa na ya maji, ambayo vituo vyake viko mbali na laini zake ni mbovu. Kila namba ndani yake inaweza kubeba saa iliyopimwa, na alama ya hali yake: hii ni nzuri, hii ni ya zamani, hii kifaa chake hakipatikani. Zaidi ya hapo, laini ikikatika, kituo cha mbali hukusanya matukio yake kwa mpangilio, na laini ikirudi huyasimulia yote: saa nane na dakika kumi kuranti ilikatika, saa nane na dakika kumi na mbili jenereta ilikataa kuwaka, saa tisa tangi lilishuka chini ya mita moja. Kwa Wazungu wa Ulaya iko ndugu yake, inayojulikana kwa namba, 60870-5-104, iliyotoka mwaka 2000 na kutumika sana kwenye vyumba vya kuongozea umeme. Tena mwaka 1999 Andy Stanford-Clark wa IBM na mwenzake Arlen Nipper walitengeneza MQTT kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyosimamiwa kwa setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa na bei. Ndani yake kuna jambo linalonifurahisha sana. Kifaa kinapojiunga, huweza kuacha wosia kwa msambazaji wa ujumbe: nikipotea bila kuaga, waambieni wenzangu kwamba nimepotea. Kwa mji ambao mtandao wa simu unaweza kuzimika katikati ya sentensi, sifa hiyo ina thamani kuliko skrini kubwa.

Lipo na suala la usalama. Modbus haibishi hodi wala haiulizi wewe ni nani. Amri ya "fungua" kutoka kwa msimamizi na amri ya "fungua" kutoka kwa mwizi ni baiti zile zile. Mwaka 1979 haikuwa kosa, waya ulikuwa ndani ya ukuta wa kiwanda na mlango ulikuwa na mlinzi. Kosa lilikuja baadaye, tulipoitoa nje na kuitia kwenye intaneti. Januari 2024, mjini Lviv nchini Ukraine, wavamizi walituma amri za Modbus kwenye vidhibiti vya maji ya moto yanayopasha nyumba joto, na majengo zaidi ya 600 ya ghorofa yakakaa karibu siku mbili bila joto katikati ya baridi kali.

Lakini kisa ambacho mimi ningependa kibandikwe ukutani kwa kila anayesaini mkataba wa mitambo ni cha Australia, katika wilaya ya Maroochy, mwaka 2000. Mfanyakazi wa kampuni iliyofunga mitambo ya maji taka aliacha kazi, akaomba kuajiriwa na wilaya, akakataliwa. Akaingia kwenye gari na kompyuta na redio ya mawasiliano, akawa anazitumia pampu amri kana kwamba yeye ndiye kituo kikuu. Lita kama 800,000 za maji taka zilimwagika kwenye mito, bustani na hata uwanja wa hoteli. Alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Hakuvunja kitu. Lugha aliijua, namba za vituo alizijua, na alipoondoka hakuna aliyebadilisha chochote.

Mnaona jinsi mambo mawili yanavyokutana? Mkandarasi anayeondoka na ramani anatuacha bubu, na mkandarasi anayeondoka na ufunguo anatuacha wazi. Dawa yake ni moja na haina gharama kubwa: iandikwe kwenye masharti ya mradi kabla hata ya bei kujadiliwa. Lugha ya wazi, isiyo mali ya kampuni moja. Ramani ya rejista kwa Kifaransa, kwenye karatasi, nakala moja ofisini na nyingine kwa fundi. Programu ya otomati pamoja na maneno yake ya siri mikononi mwa shirika siku ya makabidhiano, na maneno hayo yabadilishwe jioni ile ile. Modemu yenye laini ya simu isiachwe inasikiliza dunia nzima; ipite kwenye njia iliyofungwa. Na siku ya majaribio mtu achukue koleo, akate waya wa kifaa cha tangi mbele ya wageni wote, tuone skrini itasema nini. Ikiendelea kuonyesha mita tatu, utepe usikatwe.

Hili la koleo nalisema kwa dhati. Katika miaka iliyopita REGIDESO, shirika letu la maji, ikisaidiwa na Fondation Veolia na wafadhili wengine, imelaza mabomba mapya mjini na kujenga fonteni za umma, na kazi za namna hiyo zitaendelea. Huko Ruzizi unangojewa mtambo wa tatu wa nchi tatu, megawati 206, ambao peke yake utazidi mara mbili ile miwili ya sasa ikijumlishwa. Mto ni mmoja: anachokiachia wa juu ndicho anachokipata wa chini, na kati ya 2003 na 2006 tuliona kiwango cha Ziwa Kivu kikishuka huku mitambo ikiendelea kuvuta. SNEL kwetu, REG kwa Rwanda, na REGIDESO ya Burundi, ambayo kule inashika maji na umeme pamoja, zitalazimika kuonyeshana namba zile zile kwa saa ile ile. Mitambo ya umri tofauti, ya watengenezaji tofauti, ya serikali ambazo hazipatani kila siku. Pale alama ndogo inayosema "namba hii ni ya zamani" inaweza kuzuia ugomvi wa mabalozi.

Lakini hatuhitaji kungoja mtambo wa tatu. Umeme unapopungua, aliye kwenye chumba cha kuongozea lazima apunguze mzigo, ndiyo delestaji. Akiwa na swichi kubwa moja tu anayoweza kuifikia, anakata mji mzima, na kiwanda cha maji kinakwenda nao. Akiwa na swichi kadhaa zinazosikia amri kutoka mbali na kujibu kwa uhakika "nimefunga" au "nimefungua", anaweza kukata kartie kwa zamu na kuacha laini ya pampu ikiishi. Na kama hata hilo ni ghali, upo ujumbe mmoja mfupi, kutoka kwa wa umeme kwenda kwa wa maji: tunakata saa kumi na mbili. Ukifika saa nane mchana, pampu zina saa nne za kujaza matangi. Yakishajaa, kuranti iende inakokwenda. Matangi yako juu, sisi tuko chini, na maji yatashuka yenyewe hata usiku ukiingia.